Sifa za Kiti cha Kati

Waswahili tumeusifu mnazi kuanzia mizizi hadi kuti la mwisho. Tumelisifu jahazi, tumeisifu hata chai ya rangi. Lakini sijamsikia malenga aliyekitungia japo ubeti mmoja kiti cha kati cha ndege, kile chenye jirani kushoto na jirani kulia, kisicho na dirisha wala njia. Abiria akikiona kwenye pasi yake ya kupandia, humwuliza binti wa kaunta kama hapajatokea kosa. Hapajatokea kosa, ndugu yangu. Umependelewa.

Tuanze na nasaba, maana mwenye kusifiwa hutajiwa kwao. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, na hiyo ndiyo safari ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa nauli. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ndani mlikuwa na viti 36, viwili viwili kila upande, na waungwana waliovikalia walinyoosha miguu wapendavyo. Kiti cha kati hakikuwemo. Babu yako na babu yangu hawakuwemo pia. Watu wa Entebbe wasio na nauli ile, yaani karibu wote, waliitazama ndege wakiwa chini.

Kiti cha kati kilikuja na umma. Boeing 707 ilipoanza kazi mwaka 1958, upana wake uliruhusu watu watatu watatu kila upande, na huyo wa tatu aliyesukumizwa katikati akasaidia kushusha nauli. Jumbo ya 747 ikaupanua ukoo mwaka 1970. Ilipoingia 777 mwaka 1995, mashirika mengi yalipanga watu tisa kwa safu. Leo mengi yanapanga kumi katika tumbo lile lile la ndege, ambalo halikunenepa hata kidogo. Piga hesabu mwenyewe. Safu ya tatu-nne-tatu ina wawili wa dirishani, wanne wa njiani, na wanne wasio na hiki wala kile. Sisi si wachache, ila tumebanwa mno hata hatuwezi kugeuka tukahesabiana.

Tena sisi ndio tunaowalipia wenzetu. Korona ilipoenea mwaka 2020, watu walipendekeza kiti cha kati kiachwe wazi ili abiria wasikaribiane. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kikakaa na vitabu vyake mwezi Mei kikasema kwamba hilo likifanyika, nauli zitalazimika kupanda kati ya asilimia 43 na 54. Basi mfanyabiashara wa Kariakoo aendaye Guangzhou kufuata mzigo wa viatu, na mwanafunzi anayekwenda Ulaya kwa mchango wa ukoo mzima, wanaruka kwa hisani ya mtu aliyekunja mabega. Rubani huwashukuru abiria wote kwa jumla mwisho wa safari. Wa kati hajawahi kutajwa peke yake.

Kuhusu afya, kiti hiki ni daktari asiyedai kadi ya bima. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kukaa safarini bila kujongea kwa zaidi ya saa nne, iwe ndegeni, kwenye basi au kwenye gari dogo, huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini ushauri haubadiliki: simama, tembea, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Nani asiyeutii? Wa dirishani. Anaona haya kuwaamsha watu wawili, anajizuia tangu juu ya Khartoum mpaka juu ya milima ya Alpi, na madaktari wa kifua wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2012, wamekutaja kukaa dirishani miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari hiyo. Wa kati hana nafasi ya kuzembea. Wa dirishani akishindwa hatimaye, wa kati anasimama. Akirudi, anasimama tena. Yeye mwenyewe akibanwa humwinua wa njiani, ambaye naye hupata tiba asiyoiomba.

Na hewa? Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege hupunguzwa hadi ukafanana na wa mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Kwenye Boeing 787 ni kama mita 1,800, yaani karibu sawa na Nairobi. Mgandamizo ukipungua, hewa hutanuka, na hewa iliyomo tumboni haina msamaha: kwenye mita 2,400 huongezeka ujazo kwa kama theluthi moja. Maharage na soda alivyojipakia jirani yako pale uwanjani kabla ya kupanda vitajieleza vyenyewe angani. Aliye dirishani hupata habari za upande mmoja tu. Wa kati hupata za pande mbili, na anaweza kulinganisha.

Mtazame sasa wakati wa chakula. Trei imeshushwa, kiti cha mbele kimelazwa, viwiko vimebanwa mbavuni kama mabawa ya kuku wa sokoni. Mkono unaofanya kazi ni kuanzia kifundo hadi kidoleni. Karatasi ya siagi haifunguki, na ikifunguka inamfungukia wa njiani. Wanaomhurumia hawajui kwamba chakula cha juu hakina wa kumlaumu. Watu wa shirika la ndege la Lufthansa waliona kuwa abiria wao hunywa juisi ya nyanya karibu sawa na bia, wakawaomba watafiti wa taasisi ya Fraunhofer walichunguze jambo hilo. Mwaka 2010 ikabainika kwamba katika mgandamizo mdogo wa hewa ladha ya chumvi na sukari hufifia, ya nyanya ikabaki imara. Wenye viwiko huru wanamwaga chumvi wasiionje. Wa kati asiyeweza kuifikia pakiti ya chumvi amepungukiwa na nini?

Lakini fahari kuu ya kiti hiki ni watu. Wa dirishani huvuta pazia, akavaa vipokea sauti, akajitoa duniani. Wa njiani ameshaaga nusu. Mguu mmoja uko nje. Anayesafiri na binadamu ni wa kati. Nilipata kukaa hivyo kutoka Zanzibar kwenda Muscat, kijana mwenye muziki dirishani, na njiani bibi wa Kipemba aliyevaa buibui, anakwenda kumwona mjukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie huu mkanda, umekataa."

Mkanda ulikuwa umekataa kwa sababu ncha aliyoishika ilikuwa yangu. Nikautafuta wake, nikamfunga, nikajifunga. Sinema hakuzitaka, alitaka kile kiramani chenye kijindege. Kila baada ya kitambo aliniuliza tumefika wapi, nami nikamjibu tuko juu ya bahari, usawa wa Somalia. "Bado Somalia?" akasema, kwa sauti ya mtu anayeona dereva anapoteza njia. Baadaye akatoa kikopo kutoka mkobani, akanipa visheti, akampa na kijana wa dirishani kwa kumpitishia puani mwangu. Alipolala, kichwa kilitua begani kwangu bila kuomba radhi, na hakukuwa na haja ya kuomba. Ningekuwa dirishani nisingejua hata kwamba ana mjukuu.

Usingizi wa wa kati hauna mengi ya kueleza. Nairobi hadi New York, safari ya moja kwa moja iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, ni saa kama 15, na mtu wa kati hulala zote kwa vipande, akiwa wima, tayari kuitwa. Ni zoezi zuri kwa anayetaka kazi ya ulinzi.

Kuna suala la mikono ya kiti, ambalo limewagombanisha watu wazima. Wajuzi wa adabu za safari wanasema wa kati ana haki ya mikono yote miwili, kwa kuwa wa dirishani ana ukuta na wa njiani ana upenyo. Ni sheria nzuri sana. Kasoro yake moja ni kwamba haijaandikwa popote ndani ya ndege, ndiyo maana jirani zako hawajaisoma. Nakushauri usiigombee kwa maneno. Weka kiwiko mapema, kabla mlango haujafungwa, usikiondoe mpaka trei zije, na ukikiondoa ujue umehama.

Sasa kuna watu wanataka kukiharibu. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Molon Labe imebuni safu ambayo kiti cha kati kimerudishwa nyuma kidogo, kimeshushwa kidogo, na kimepanuliwa kuliko vya pembeni, ili mabega yasigombane na kila mtu apate mahali pa kuweka kiwiko. Wakaguzi wa usafiri wa anga wa nchi yao waliukubali mpango huo mwaka 2019. Naupinga kwa nguvu zote zilizosalia mgongoni mwangu. Leo mashirika mengi hutoza pesa za ziada kwa anayetaka kujichagulia kiti, na asiyelipa hupewa kilichobaki, ambacho mara nyingi ndicho hiki. Kikishapanuliwa, kitawekewa bei. Watakilipia wale wale wa dirishani, waje na mito yao ya shingoni, na sisi tusio na cha kuongeza tutatupwa pembeni, tukodolee mawingu hadi Muscat, wala pasiwe na wa kumfungia bibi mkanda.