Sifa za Panya wa Nairobi

Katika viumbe wote waliouhudumia mji wa Nairobi pasipo mshahara wala bahashishi, hapana aliyelipwa utovu wa shukrani kama panya. Kwani reli ya kutoka Mombasa ilipofika huko mwaka 1899, na watu wakajisongamanisha katika vibanda vya mabati kando ya kinamasi, ni yeye aliyezitambua aibu za mahali pale na kuzifikisha mbele ya serikali kwa lugha ambayo serikali haiwezi kujitia uziwi. Mwaka 1902 alileta tauni, na wakubwa, ambao uvundo wa siku zote haukuwaharakisha, mara wakaamuru soko la Wahindi litiwe moto.

Husuda za watu zitasema kwamba muuaji khasa ni kiroboto, na kweli Mfaransa Paul-Louis Simond alikwisha kulibaini jambo hilo huko Karachi mwaka 1898. Lakini itazameni muruwa ya panya: ugonjwa uingiapo nyumbani, yeye ndiye atanguliaye kufa, akianguka darini na sakafuni ili wenye nyumba wapate kutahadhari. Nitajieni diwani mmoja aliyewahi kuwaonya raia zake kwa gharama kama hiyo.

Hadhi yake ilizidi kutukuka mwaka 1913, alipokuja kutoka Uingereza Profesa W. J. Simpson, bingwa wa mambo ya usafi wa miji, ambaye baada ya kuyachungua maradhi ya nchi alitoa shauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mitaa mbalimbali. Tangu hapo, aliyechukia kukaa jirani na mtu wa rangi nyingine hakulazimika tena kulikiri neno hilo zito, maana aliweza kusema, kwa uso mkavu, kwamba aihofia tauni. Na mitaro na maji safi, vitu vyenye kuhitaji fedha, vikaweza kungoja. Panya mwenyewe hakulitia sahihi shauri hilo. Aliendelea kwa insafu kamili kula mtama wa ghala na mkate wa bwana mkubwa, na mipaka iliyochorwa ramanini hakupata kuitambua.

Basi nawasihi waheshimiwa wa baraza la mji, watafutapo jina la kuipa barabara mpya, wamkumbuke na huyu. Wako waliokwisha kupewa barabara kwa kazi ndogo kuliko yake.