Jinsi ya Kupanda Ndege Kama Mtu Aliyezizoea

Anza kwa kudharau ndege ya pangaboi. Ni sharti. Ukiiona tu pale uwanjani Dar es Salaam, guna kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni: “Ndiyo hii waliyotuletea?” Hutakuwa peke yako, mwaka 2016 Bombardier mbili aina ya Q400 zilipokuja, wapo waliozicheka vivyo hivyo. Akitokea mjuaji akasema mapanga hayo yanazungushwa na injini ya ukoo mmoja na jeti, na kwamba kwa safari ya saa moja yanakula mafuta kidogo, geukia simu yako.

Kwenye ATR 72 mlango wa abiria uko nyuma. Kule mbele, wanakokupenda wakubwa, yamekaa masanduku. Ukiona wamesimika nguzo chini ya mkia wakati watu wanapanda, usipige kelele. Inazuia ndege isikalie mkia kwa uzito wa nyuma. Bawa liko juu ya madirisha, kwa hiyo Kilimanjaro utaipiga picha nzima. Picha hiyo itume bila kutaja ndege.

Mtihani wenyewe ni Cessna Caravan, ile ya kwenda Zanzibar au Seronera, mbugani Serengeti. Injini moja, abiria kama kumi na wawili, na siri hakuna: unapimwa uzito wewe na begi lako, watu wakitazama. Vuta tumbo ndani ukipenda, mzani haujali. Sanduku gumu la magurudumu ulilolinunua kwa ajili ya safari hii litaleta mzozo, maana pa kuwekea mizigo panataka mabegi laini ya kusukumiza. Kisha rubani atawapanga kama mpishi wa shughuli anavyogawa minofu: wewe mama huku, wewe kijana nyuma kabisa. Akikuambia ukae kiti cha pembeni yake, kubali kwa madaha, ila usiguse kitu. Mbele ya magoti yako kuna usukani wa pili, nao utacheza wenyewe kila rubani anapouchezesha wa kwake. Hapo ndipo wengi husahau walivyozoea ndege. Na mkifika Seronera akapita chini chini juu ya uwanja bila kutua, hajapitiliza kituo, anafukuza wanyama.

Airbus A220 haina mambo mengi. Upande mmoja viti viwili, upande wa pili vitatu, pigania viwili. Ni ya masafa ya kati, na hiyo si habari ya kumtambia mtu.

Fahari yote iwekeze kwenye Boeing 787 Dreamliner. Utapapasa dirisha kutafuta pazia. Halipo, kuna kitufe cha kutia kioo giza. Hewa ya ndani hukandamizwa zaidi kuliko kwenye ndege nyingi, hivyo safari ya saa kumi haikuchoshi sana. Ya kwanza ya Tanzania ilipoanza kazi mwaka 2018, ilianza na Kilimanjaro na Mwanza. Ndege ya kuvuka bahari ikavuka Serengeti, na abiria wakashuka na uchovu uleule usiokuwepo.

Ukipata safari ya Mafia, nenda kakate tiketi na uulizie kama kuna Dreamliner. Mkata tiketi atakutazama kidogo, kisha atakuuliza una kilo ngapi.