Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Kennel Club, London

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima inayowastahili watu waliojitwalia, tangu mwaka 1873, mamlaka ya kuamua mbwa kamili awe na umbo gani, sisi wakazi wa Ujiji, ambao aghlabu twaambiwa hatuwapendi mbwa kwa sababu tukiguswa na mate yao twaosha mara saba na mojawapo kwa udongo, twaomba idhini ya kuwapongeza kwa jambo ambalo wazee wetu hawakuthubutu hata kuliwaza: kumwondolea mnyama pua, kisha kumtunuku kombe.

Mtuwie radhi tukianza na habari ya kale. Bwana Stanley, yule Mzungu mpelelezi wa Afrika, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874, alikuwa na mbwa watano kutoka Uingereza, na mmoja wao alikuwa buldogi aitwaye Bull. Wenziwe wote walikufa mbele yake. Yeye akashika njia hata mwaka 1876, msafara ukielekea huku kwetu, alipokwisha kutembea nchi kavu kiasi cha maili 1,500, nguvu zikamwishia, akalala njiani akafa, na Stanley aandika kuwa macho yake yalikuwa yakitazama kule ulikoendelea msafara. Hakufika Ujiji, ila si haba. Kitukuu wake wa leo, mliyemkamilisha, wallahi hatudhani kuwa angeweza kutembea kutoka ufukwe wa Kibirizi hadi stesheni ya reli ya Kigoma pasi na kubebwa.

Kwani mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Joto lake hulitoa kwa kuhema. Ninyi, kwa kutaka uso wa duara kama wa mtoto mchanga, mmelifupisha fuvu, lakini nyama za ndani hazikupata habari ya amri yenu: kaakaa laini likabaki na urefu wake likaziba njia ya koo, matundu ya pua yakabanwa yakawa nyufa, na mkoromo uliotokana na dhiki hiyo ukaitwa tabia ya mbegu. Fauka ya hayo, kichwa kimekuwa kipana na nyonga nyembamba, hata uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ukaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mizao ya mabuldogi hupatikana kwa mama kupasuliwa. Hapa Kibirizi jike la kienyeji huingia usiku chini ya mtumbwi uliopinduliwa, na asubuhi hutoka na watoto wake na njaa ya vichwa vya migebuka, bila tabibu wala cheti cha nasaba.

Mwaka 2003 taji kuu la maonyesho yenu ya Crufts lilikwenda kwa mbwa wa Kipekinizi, ambaye wakati wa kupigwa picha ya ushindi alikalishwa juu ya pakiti za barafu asizidiwe na joto. Sisi nasi twatumia barafu, waheshimiwa, lakini twawawekea samaki waliokwisha kufa.

Hatusemi kuwa hamkujitahidi. Mwaka 2009, baada ya filamu ya BBC juu ya afya ya mbwa wa nasaba kuwafedhehesha, mlizirekebisha kanuni. Na mwaka 2012 mkamtaka tabibu wa wanyama awakague washindi, naye akamkataa buldogi yule yule ambaye jaji wenu alikwisha kumtangaza bora wa mbegu yake. Ni idara chache duniani ziwezazo kumtawaza kiumbe na kumkuta mgonjwa katika maonyesho yale yale.

Katika hadithi tulizofunzwa chuoni yumo mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatuni akamnywesha, na Mola akamghufiria. Yule alisikia kuhema akatambua dhiki. Majaji wenu husikia kuhema kule kule wakaandika alama.

Ombi letu ni dogo. Waholanzi wamekwisha kuweka sharti kuwa mbwa wa kuzalishwa asiwe na pua iliyo fupi kuliko theluthi ya fuvu lake, wala nchi yao haikukosa mbwa. Iandikeni theluthi hiyo katika kanuni zenu. Na kila mshindani, kabla ya kuonyeshwa, atembezwe mchana kadiri ya mwendo wa kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji, jaji wake akimfuata kwa miguu, pua ameziba kwa pamba. Atakayefika akipumua kwa raha, awe mbwa au jaji, huyo mpeni kombe.

Wasalaam,
Sisi wakazi wa Ujiji