Ndoo ya Lita 20

Fundi wangu ana neno moja lililonila shilingi milioni 7. Neno lenyewe lina herufi mbili.

"Hapo ni kukwangua tu, bosi." "Hiyo ni kubadilisha tu." "Siku 10 tu unahamia." Siku ya kwanza nilipompeleka kuiona nyumba alizunguka vyumba vyote mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akawa anazitoa hizo tu zake mojamoja, nami nazipokea kama mtu anayeombewa dua. Mfukoni nilikuwa na milioni 4. Kodi yetu kule Tabata ilikuwa imebakiza wiki 3. Nikapiga hesabu, nikaona itabaki hela ya kununua hata mapazia.

Mapazia hatujanunua mpaka leo. Dirisha la chumbani limezibwa kwa kanga ya mke wangu, maandishi yake yakitazama nje, na si maneno ambayo mhamiaji mgeni angependa majirani wayasome.

Nyumba yenyewe ni fleti ya vyumba viwili pale Upanga, ghorofa ya pili, katika jengo la miaka ya 60 lisilo na lifti. Majengo ya umri huo Upanga ni mengi. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha, mengi yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na Msajili naye akaja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Hili letu lilinusurika, kwa sababu ambayo kila jirani ana ya kwake, na kila mmoja anaapa.

Nikiri, kosa la kwanza ni langu. Nilipanda ngazi siku ya jua kali, ukuta wa ngazi umejengwa kwa matofali ya matundu, upepo wa baharini unapita kama umeitwa, nikapenda pale pale. Dari iko juu, hata ufagio wa mti mrefu hauufikii utando wa buibui. Waliochora nyumba hizi hawakuwa na kiyoyozi cha kuwafichia makosa, ikabidi wafikirie jua linatokea wapi. Mke wangu hakutazama upepo. Alifungua bomba la jikoni, likakohoa, likatema kitu cha rangi ya chai ya tangawizi, likanyamaza. "Umeona?" akaniuliza. Nikamwambia hilo ni kubadilisha tu. Nilishaambukizwa.

Vifaa tulinunua Gerezani. Mfuko wa simenti ni kilo 50, na kirikuu ilibeba mifuko 12 mpaka mlangoni kwa bei tuliyoelewana. Kutoka mlangoni kwenda juu yakawa mapatano mapya, kwa mfuko na kwa ghorofa, na vijana wakaanza kuhesabu ghorofa kutoka chini kabisa, kwa hiyo ghorofa yangu ya pili ikawa ya tatu. Nilijaribu kubishana. Ukiwa na mifuko 12 ya simenti kando ya barabara na wingu linajikusanya, hoja zako huwa hazina nguvu.

Kisha wakaanza kuingia mafundi wenyewe, maana "fundi" mmoja ukimwita huja na ukoo. Kuna wa lipu, wa tailizi, wa umeme, wa bomba, wa rangi. Wote husalimia kwa namna moja. Huingia, hutazama ukuta, hutikisa kichwa, huuliza: "Nani alikufanyia hii kazi?" Fundi bomba wa kwanza aliwasema waliojenga. Wa pili akamsema wa kwanza. Fundi rangi alipofika sebuleni alipapasa ukuta, akasonya. "Huyu hakuwa fundi, bosi. Huyu alikuwa muuza karanga." Kijana wake, saidia fundi, mwembamba, mkimya, akamsogelea sikioni, lakini nyumba tupu haina siri: "Si ndio huu tuliopiga sisi wiki iliyopita?"

Alikuwa amepaka rangi juu ya lipu mbichi. Hata mimi, ambaye ujuzi wangu wa ujenzi unaishia kwenye kupigilia msumari wa kalenda, nilijua lipu inataka kumwagiwa maji siku kadhaa ikomae, kisha iachwe wiki kadhaa ikauke, ndipo uifunge kwa rangi. Lakini alisema jua la Dar linatosha. Kilichotokea ni kwamba maji yaliyofungiwa ndani yalitafuta njia ya kutoka, rangi ikavimba malengelenge, na ukipasua lengelenge moja unakuta unga mweupe kama wa muhogo. Ni chumvi. Maji yakitoka ukutani huitoa nje, na mchanga wetu wa pwani chumvi haijawahi kuupungukia. Tukakwangua tena. Ndoo mbili za rangi, lita 20 kila moja, zikawa tatu.

Zishikilie hizo ndoo.

Umeme nao ulikuwa na historia yake. Soketi zilikuwa zile za matundu ya duara walizotuachia Waingereza, na nyuma yake waya za mtindo wa zamani: nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ndiyo ya kurudi. Siku hizi nyekundu imekuwa kahawia na nyeusi imekuwa bluu. Kila aliyekaa humu kwa miaka 60 alirekebisha kipande chake kwa rangi za zama zake, kwa hiyo ndani ya kisanduku kimoja unakuta nyekundu imefungwa na kahawia, nyeusi na bluu, na pembeni waya wa kijani, ambao tangu dunia iumbwe ni wa ardhini, mtu kaupa kazi ya kupeleka moto kwenye feni. Fundi umeme, kijana aliyezaliwa juzi, akaugusa kwa imani. Akaruka, akakaa kwenye ngazi, akaomba soda. Nilimnunulia mbili.

Sakafu ndiyo pekee niliyoshinda, na nitaisimulia kwa kirefu kwa kuwa sina ushindi mwingine. Sebuleni kulikuwa na tailizi za rangi ya maini, zimepasuka, zikilia kok kok ukikanyaga. Fundi akazipiga tindo. Chini yake, baada ya gundi na uchafu, kikatokea kitu kinachong'aa ukubwa wa kiganja. Nikamwambia asimame. Nikachukua tambara lenye maji, nikapiga magoti, nikasugua. Ilikuwa tirazo, ile sakafu ya zamani ya vipande vya marumaru vilivyochanganywa kwenye saruji kisha vikasagwa mpaka vikalingana. Vipande vyeupe, vyeusi, vingine vya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, na kati ya miraba ukanda mwembamba wa shaba. Mtu alisimama juu ya hii sakafu miezi, akaisaga, akaipiga nta, halafu mwingine akaja akaifunika kwa maini.

"Nzuri," fundi akasema. "Inashika gundi vizuri. Hapa ni kubandika tailizi mpya tu."

Nilikataa. Akaniangalia kwa huruma, kama ninayekataa dawa ya hospitali. Siku mbili nzima alimwambia kila aliyeingia kwamba bosi anataka sakafu ya wazee. Nikakodi mashine ya kusagia, na mashine hiyo husaga kwa maji, na maji yakichanganyika na unga wa saruji yanakuwa uji wa kijivu, na uji haujui mipaka ya umiliki. Ulitoka mlangoni, ukashuka ngazi moja baada ya nyingine, ukatulia kwenye zulia la kufutia miguu la ghorofa ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Bibi. Anakaa chini yangu kabisa, tangu 1978. Nilimkuta kasimama mlangoni, mtandio kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye uji?"

Nilimfulia zulia. Tangu hapo akawa ananisimamisha kila nikipita, kunieleza nyumba yangu kuliko ninavyoijua. Chumba kipi kinavuja masika. Koki kuu iko wapi, nyuma ya kabati, wala si pale fundi bomba alipovunja ukuta kuitafuta. Na bafu. "Angalia bomba la bafuni, mwanangu. Lile la chini." Nikamwambia mabomba yote tunabadilisha, hasemi mtu.

Kweli tulibadilisha. Yalikuwa ya chuma, na fundi alipokata kipande akanionyesha: nje bomba la haja, ndani kutu imejaa mpaka imebaki njia ya kupitisha njiti ya kiberiti. Chai ya tangawizi ikapata maelezo. Tukaweka ya plastiki kila palipoonekana. Kikabaki kipande kile kinachopita ndani ya zege, kati ya sakafu yangu na dari ya Bibi. Tuna sheria tangu 2008 inayokuruhusu umiliki sehemu yako ndani ya jengo la ghorofa, na vile mnavyotumia pamoja vikabaki vya wote. Ni sheria nzuri mpaka uulize kipande cha bomba kilicholala katikati ya zege ni chako, ni cha jirani, au cha wote. Niliuliza. Kila mwenye fleti aliniambia si chake.

"Tusivunje zege la watu," fundi akaamua. "Hapa tunaunganisha tu."

Wiki hiyo hiyo ndoo ikapotea. Kwa asiyejua, ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko ni mali. Maji ya bomba Dar yana ratiba yake ambayo hayamwambii mtu, na mke wangu alishazipangia kazi zote tatu: moja ya kunywa ikishasafishwa, moja ya jikoni, moja ya choo. Nikahesabu, zikawa mbili. Nikauliza. Mafundi wakamtazama saidia fundi, kama kawaida, kwa kuwa ndiye mdogo na ndiye anayebaki nyuma jioni wenzake wakishaondoka.

"Haki ya Mungu sijaiba, bosi," akasema, lakini macho yakamtoka kwangu yakaenda kwa fundi wake. Nikayasoma macho hayo kuwa ya mwizi. Siku ya malipo nikamkata elfu 5. Hakusema kitu. Nilijiona mtu mwenye msimamo.

Siku 10 tu zikawa miezi 3. Mwenye nyumba wa Tabata alipokea kodi ya ziada kwa tabasamu. Milioni 4 zikawa 11. Fundi alifiwa mara mbili, mara ya pili na mjomba yule yule. Lakini Jumamosi iliyopita tulihamia. Milango imekwanguliwa rangi za mafuta tabaka saba mpaka ukatokea mninga, luva zimebaki, maana sikukubali zile alumini za kusukuma ambazo ukifungua nusu, nusu nyingine inafunga, na tirazo inang'aa kiasi kwamba mtoto wetu wa mwisho amekwishaanguka mara tatu. Mke wangu akachemsha chai. Mara hii chai ilikuwa imetoka kwenye majani.

Mlango ukagongwa. Mjukuu wa Bibi. "Bibi anakuita."

Nikashuka. Bibi hakunikaribisha sebuleni, alinipeleka moja kwa moja bafuni. Pale, chini ya dari yake ambayo ni sakafu yangu, kwenye kona, ilikaa ndoo ya lita 20, michirizi ya rangi ya maziwa ubavuni, rangi ya sebule yangu. Tone likaanguka. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka karibu na mdomo.

"Fundi wako aliileta hii mwezi uliopita," Bibi akasema. "Akaniambia usimsumbue bosi, ni kudondoka tu."

Sikuwa na jibu.

"Yule kijana wake, yule mwembamba, ana adabu sana. Kila jioni akimaliza kazi alikuwa anapita, ananisalimia, ananimwagia. Tangu mmalize naona haji tena."

Nikaikumbuka elfu 5 yangu. Nikainama, nikaishika ndoo kwa mikono miwili. Ikijaa ni nzito, ule mshikio wa waya unakata vidole.

"Mwaga hapo chooni, uirudishe," Bibi akasema, akisogea kunipisha. "Na kesho, mwanangu, uje kabla ya magharibi. Usiku nafunga mlango."