Gramu Thelathini na Nne na Nusu

Jana, kwenye barieri, kizuizi cha njia ya Kabambare, nilivuliwa viatu nikakaguliwa hadi nyayo kwa sababu ya Mmarekani anayeruka juu ya barafu. Mama mmoja mwenye kuku alicheka mpaka kuku wenyewe wakaamka.

Askari alikuwa amefungua kaye yangu, daftari la hesabu za miruko. 4A, 12.50. 4Lz, 11.50. 4Lo, 10.50. Akajumlisha kichwani, bila kukosea, akauliza kwa upole: "Papa, hizi gramu thelathini na nne na nusu umezificha wapi?"

Simlaumu sana. Upande wa Kabambare kuna Salamabila, kuna Namoya, kuna dhahabu. Mtu atokaye huko na tarakimu zenye nukta hawezi kuwa anapanga miruko ya msimu ujao.

"Shefu, hizi ni alama za miruko ya barafuni: akseli, lutz na loop, kila mmoja wa mizunguko minne." Nikaanza kueleza, na mimi nikianza hilo sinyamazi. Yule Mmarekani, Ilia Malinin, Septemba 2022, mjini Lake Placid, alikuwa wa kwanza kuruka akseli ya mizunguko minne kwenye mashindano na kutua. Miruko mingine huanzwa kinyumenyume. Akseli unaiondokea ukitazama mbele, kwa hiyo una deni la nusu mzunguko: minne na nusu, na sekunde haijaisha. Katika programu ndefu niliyompangia kuna nafasi saba. Mruko mkubwa haufanywi zaidi ya mara mbili, na ukiurudia bila kuuunganisha na mwingine, wa pili hulipwa asilimia 70 tu. Halafu utamu wenyewe: nafasi tatu za mwisho huongezewa asilimia 10, kwa kuwa hapo miguu imekwisha. Ina maana lutz ya mizunguko minne ikiwekwa mwishoni ni 12.65, inaipita akseli ya mwanzoni! Lakini mtu akianguka? Waamuzi hukata nusu ya thamani, kisha inatoka alama nzima juu yake. Akseli ya 12.50 inabaki 5.25, wakati lutz ya mizunguko mitatu, kazi ya kawaida kabisa, ina 5.90. Nimewahi kutumia usiku mzima kuihamisha lutz moja kutoka nafasi ya pili hadi ya tano, nikairudisha.

Askari alisikiliza. "Kwa hiyo huko aliyechoka anaongezewa?"

"Ndiyo, shefu."

"Hapa aliyechoka anaongeza yeye."

Wakacheka wote, hata dereva wa pikipiki yangu, niliyekuwa sijamlipa.

Mimi sikucheka. Kule, bei ya kila mruko imechapishwa kabla ya msimu, mtoto na bingwa wanaisoma karatasi moja, na ukinyimwa robo ya mzunguko watarudia picha polepole mpaka ionekane. Hapa mkulima anatoka shambani na mihogo yake mwenyewe, hajui barieri ya kwanza itataka nini wala ya pili iko wapi, na jua likizama bei inapanda. Risiti hakuna. Hakuna pa kukata rufaa. Mtu anawezaje kupanga kesho yake kwenye njia ya namna hiyo? Ninampangia Malinin, kijana wa Virginia, kwa sababu mambo yake yanapangika.

Nilitoa "ya kahawa". Ukurasa ukachanwa, ukabaki kama ushahidi.

Kwenye barieri iliyofuata walikuwa wameshapigiwa simu. Waliniita Papa Gramu, nikatoa tena. Nyumbani Kasongo nilikuta betri ya sola imekufa na nakala iliyo kwenye simu imo humohumo gizani. Nakala ya tatu, ile safi ya wino mwekundu, ilikuwa imewasha makaa ya kupikia sombe, kisamvu chetu.

Sombe ilikuwa nzuri. Baada ya kula niliomba kalamu, mke wangu akaniuliza kama safari hii naweza kuandika bila nukta.