Mjuzi wa Kantri
Mpenzi wa muziki jijini Nakuru, Kenya, anapoulizwa anasikiliza nini hujibu kwamba ni kantri, yaani nyimbo za gitaa za Wamarekani wa mashambani, kisha huongeza, bila kuulizwa, kwamba anaipendea maneno yake mazito, ingawa baada ya kiitikio midomo yake hubaki ikimung'unya kama ya mgeni katika wimbo wa taifa.

Wasichana wa jamii ya Kipsigis ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Kapkatet, nchini humo, mwaka 1950 hawakujitia ujuzi wa namna hiyo, kwani santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, zilipokwisha kufika huko, jina lake lilitamkwa Chemirocha, yeye akasimuliwa kuwa nusu mtu, nusu paa, nao wakamwimbia wimbo wa kwao, ukisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi ya jamii hiyo.

Wasichana hao hawakudai kumwelewa mgeni, lakini walimwachia wimbo. Mjuzi wa leo hudai kuelewa kila kitu, na kinachotungwa naye ni sababu tu.