Uainishaji wa Vizibo vya Meno kwa Kufuata Tabia Zao

Vizibo vya rangi ya jino, kwa jina la ukoo Kompositi, vinatokana na resini ambayo Rafael Bowen wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1962. Wataalamu huvipanga kwa ukubwa wa chembe za kioo zilizomo. Sisi, kwa kukosa hadubini, tutavipanga kwa tabia.

Spishi ya kwanza ni Kizibo Chenye Pupa. Kina kamforokwinoni, kemikali ya manjano inayoamshwa na mwanga wa bluu wa nanomita 468 hivi. Taa ya juu ya kiti nayo ina bluu yake, kwa hiyo daktari akinogewa na mazungumzo, kizibo huanza kuganda hata shimoni hakijaingia.

Ya pili ni Kizibo Kinafiki. Ukikigonga juu kinalia kauri. Chini ni ubichi mtupu. Huzaliwa pale kompositi ya kawaida inapojazwa milimita 5 kwa mkupuo badala ya tabaka za milimita 2, au taa ya kugandishia inaposhikwa mbali na jino.

Ya tatu, Kizibo Kinachonata, ndiyo kipenzi cha mtafiti huyu. Uso wake hukataa kuganda kwa sababu oksijeni ya hewani huziwahi radikali huru kabla hazijaunganisha molekuli. Mwanafunzi hudhani ameharibu kazi. Kumbe tabaka linalofuata hushikana na lile la chini kupitia utando huohuo! Na hata taa ikizimwa mambo hayajaisha: mmenyuko huendelea taratibu gizani kwa saa kadhaa, mgonjwa akiwa ameshalipa na kwenda zake.

Mwisho ni Kizibo Kikongwe. Kimeshinda kwenye mate kwa miaka, na radikali zake zimekwisha. Ukikipaka kompositi mpya hivihivi, kitaipokea kwa adabu na kuiachia baadaye. Sharti kikwaruzwe kwa keekee au mchanga wa alumina, kipakwe silani ya kushika kioo, kisha gundi. Hapa wanazuoni wamegawanyika: kuna madhehebu ya Kung'oa Chote na madhehebu ya Kiraka. Sisi ni wa Kiraka, maana kizibo king'olewapo huondoka na sehemu ya jino isiyo na kosa. Wapinzani hujibu kwamba rangi hazitalingana. Hazitalingana kweli, ikiwa zitachaguliwa mdomo umeshaachwa wazi kwa muda mrefu, jino limekauka na kuwa jeupe kuliko lilivyokuja.